Mnyororo Chini ya Mchanga

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka 13, na saa zangu nyingi nilizimaliza ndani ya shimo. Mvua ya masika ilikuwa imekosa, mahindi yamekaukia kimo cha goti, na watu walikuwa wameanza kuuita ukame ule kwa jina ambalo Wakamba hawajalisahau hadi leo: Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika. Kilichoshikwa mkononi ni pesa. Baba yangu alikuwa mchongaji kama wanaume wengi wa kwetu Wamunyu, na pesa kidogo za vinyago zilikuwepo, ila dukani hapakuwa na unga. Tulikula mahindi ya njano ya msaada. Maji tuliyatafuta wenyewe, chini ya mchanga.

Mto unaopita chini ya boma letu ni wa msimu. Maji yake huonekana siku chache tu kwa mwaka; siku nyingine zote ni ukanda wa mchanga mweupe, upana wa hatua 40, unaoteremka kuelekea mto Athi. Mgeni akiuona husema umekufa. Mama alituambia umelala. Maji yalikuwepo chini, nasi tuliyafuata kwa jembe, kisha kwa koleo, kisha kwa sufuria iliyovunjika mkono. Shimo la namna hiyo tunaliita kithima. Mwezi Julai kithima chetu kilinifika kiunoni. Kufikia Septemba, aliyeingia ndani hakuonekana hata kichwa. Mmoja alichuchumaa chini akichota kwa kata na kungoja maji yajikusanye upya. Mwingine alipokea juu na kujaza mitungi ya punda. Tulizungushia matawi ya miiba ili ng'ombe wasibomoe kingo. Zamu haikurukwa. Mzee mwenye ng'ombe wengi alingoja nyuma ya mjane mwenye mtungi mmoja, wala hakunung'unika.

Katika kungoja huko ndipo nilipoanza kuutazama ukuta wa shimo. Mchanga mbichi ulikuwa umekatika vizuri kama mkate, na ndani yake nikaona tabaka nyembamba, nyeusi na nyeupe kwa zamu. Hazikulala bapa. Zote ziliinamia upande mmoja, kama mikeka iliyoegemezwa ukutani. Juu yake palikuwa na mstari uliolala, na juu ya mstari huo kundi jingine la tabaka, nalo limeinama vilevile. Nilimwita baba ateremke aone. Alipitisha kidole gumba juu ya zile tabaka, taratibu, jinsi alivyozoea kulipapasa gogo la muhugu kabla ya kulitia tezo.

"Mwaitu," aliniambia. Ndivyo alivyoniita siku zote, mama yetu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Mchanga huu una nyuzi kama mti. Tazama, zinaelekea kule mto unakokwenda."

Jumatatu nilimweleza mwalimu wetu wa jiografia. Alikuwa kijana mgeni kwetu, na alikuwa na tabia ya kuyachukulia maneno ya mtoto kwa uzito. Jumamosi yake alikuja kithimani na rula na daftari, akavua viatu, akaingia shimoni. Alipotoka alichukua konzi za mchanga mkavu akaujenga mgongo mdogo: upande mmoja umelala, upande wa pili umesimama.

Alitueleza hivi. Maji yakipita juu ya mchanga huuinua katika matuta. Punje husukumwa zikapanda ule upande uliolala, zikafika kileleni, kisha zikaporomoka upande mkali na kutulia pale. Kila poromoko huacha tabaka moja iliyoinama. Kwa hiyo tuta hujila mgongoni na kujijenga usoni, na kwa njia hiyo hutembea, ingawa kila punje iliyofunikwa imelala tuli ikingoja mgongo uifikie tena. "Kila tabaka mliyoiona shimoni," alisema, "wakati mmoja ilikuwa uso wa tuta lililopita hapa."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimekaa miezi mitatu ndani ya kitu kilichokuwa safarini.

Wiki zilizofuata mwalimu alitutafutia kazi ambayo hadi leo naiona ndiyo shule ya kweli niliyopata. Alitaka kujua mto ukija hufukua mchanga hadi kina gani. Hakuna awezaye kusimama ndani ya mafuriko apime, kwa hiyo tulitumia minyororo ya baiskeli. Mmoja ulitoka katika baiskeli ya baba iliyokuwa imelala chini ya mti kwa kukosa tairi. Tulichimba mashimo matatu: moja karibu na ukingo, moja mbele kidogo, na la tatu katikati ya mto. Kila mnyororo ulifungiwa jiwe chini, ukasimamishwa wima, kisha tukaufukia hadi pete ya juu ikawa sawa na uso wa mchanga.

Hesabu yake ni rahisi. Mafuriko yakifukua mchanga, sehemu ya mnyororo iliyobaki bila cha kuishikilia huangushwa na maji ikalala kuelekea chini ya mto. Maji yakipungua, mchanga mpya huifunika. Ukichimba baadaye utakuta mnyororo umesimama wima kutoka chini hadi mahali fulani, kisha umepinda kama kiwiko. Pale penye kiwiko ndipo mto ulipofika. Na mchanga wote ulio juu ya kiwiko ni mgeni.

Pamoja na minyororo tulipanga mawe 40 katika mstari wa kukata mto, yote tumeyapaka rangi nyekundu iliyosalia baada ya milango ya madarasa kupakwa. Kisha tukangoja mvua pamoja na nchi nzima.

Ilikuja mwanzoni mwa Novemba. Kwetu jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha vilimani, upande mto unakotoka. Wazee ndio waliosikia kwanza. Walitunyamazisha, nasi tukasikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima, lakini haukukoma wala kubadili sauti. Akina mama waliita watoto, wanaume wakaswaga ng'ombe na punda kutoka mtoni, na kila mtu akapanda ukingo. Kwenye kona likatokea povu la rangi ya kahawia, limebeba matawi na kinyesi cha mifugo na kiatu kimoja, likija kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Nyuma ya povu maji yakapanda. Kithima chetu kilitoweka kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kulisimulia jambo hili. Akina mama walipiga vigelegele, wengine wakilia.

Mto ulipojaa niliona jambo ambalo sijapata kuliona tena vizuri namna ile. Katikati ya maji, mahali yalipokuwa mepesi kuliko pengine pote, kulikuwa na safu ya mawimbi yaliyosimama. Hayakushuka na mto. Yalikua polepole, yakasogea kidogo kidogo kupanda, kinyume cha maji, kisha yakavunjika kwa kishindo, maji yakatulia, na safu ikaanza kujijenga upya. Bibi mmoja alisema mto unapigana na nafsi yake. Mwalimu aliinama akachora kwenye udongo wa ukingoni. Chini ya kila wimbi, alisema, lipo tuta la mchanga lenye umbo kama lake. Maji yakienda kasi sana, mchanga hutolewa upande wa mbele wa tuta na kutua mgongoni mwa tuta linalofuata. Punje zinateremka na mto kama kawaida, ila umbo la tuta linarudi nyuma.

Baadaye sana, nikiwa chuo cha ualimu, nilisoma kwamba Mmarekani Grove Karl Gilbert aliyachunguza matuta hayo katika mifereji ya mbao aliyoijenga California, akayaeleza katika ripoti yake ya mwaka 1914. Nilifurahi kama mtu aliyekutana ugenini na jirani wa kwao.

Siku tatu baada ya mafuriko mto ulikuwa umelala tena, na uso wake wote ulikuwa mpya. Ulikuwa umejaa makunyanzi madogo ya upana wa vidole vitatu, na juu ya makunyanzi hayo matuta marefu ya kimo cha goti, yote yamegeuza uso mkali upande wa Athi. Tulichimba. Mnyororo wa ukingoni ulikuwa na kiwiko shubiri moja tu chini. Wa pili ulikuwa na kiwiko kwenye kina cha mkono mzima. Wa tatu hatukuupata. Mgunga tuliokuwa tumeutumia kama alama ulikuwa umechukuliwa na maji, nasi tulichimba hadi adhuhuri tukakata tamaa. Mawe mekundu tuliokota 11. Moja lilikuwa limefika zaidi ya hatua 600; jingine lilikuwa halijasogea hata urefu wa mguu wangu.

Tofauti hiyo ilinitatiza kwa miaka. Hans Albert Einstein, mtoto wa yule Einstein anayejulikana na kila mtu, aliishughulikia katika tasnifu yake huko Zurich miaka ya 1930. Alionyesha kwamba punje ya mtoni husafiri kwa hatua fupifupi, na kati ya hatua na hatua hupumzika muda mrefu sana, na kwamba huwezi kutabiri punje moja itaondoka lini. Unaweza tu kukadiria mwenendo wa nyingi kwa pamoja. Kuhusu minyororo, niligundua kwamba mwalimu wetu hakuibuni. Luna Leopold na wenzake waliifukia katika mito mikavu ya New Mexico, nchi ya jua na mchanga kama yetu, na kuchapisha waliyoyaona mwaka 1966. Mwalimu alikuwa amesoma mahali, akaamua kwamba watoto wa Ukambani wanaweza kupima mto wao pia. Alihamishwa mwaka 1986. Sikupata nafasi ya kumshukuru.

Desemba ya mwaka ule wa mafuriko baba alinichukua hadi Malindi, alikokwenda kuuza twiga na vifaru vya msimu wa Krismasi. Wachongaji wa kwetu waliijua njia ya pwani tangu zamani. Mutisya Munge, aliyeleta uchongaji huu Wamunyu, aliujifunza Tanganyika wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Tulivuka daraja la Sabaki, na baba akanionyesha maji. Yalikuwa mekundu kama udongo wa shamba letu. Akaniambia Athi ikishapita Tsavo huitwa Galana, na Galana ikikaribia bahari huitwa Sabaki. Ni mto mmoja. Bahari mbele ya mdomo wake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Tulifika Mambrui alasiri. Kati ya mji na bahari kulikuwa na vilima vya mchanga, na upepo ulikuwa ukiufagia mgongoni mwake, punje zikirukaruka karibu na ardhi kama panzi. Nilipiga magoti nikatazama. Upande mmoja umelala, upande mmoja umesimama, na makunyanzi juu yake. Yalikuwa matuta ya mto wetu, ila yamejengwa na hewa. Mvuvi mmoja mzee alikuwa akipita na nyavu begani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepoteza nini?"

Nilimwambia nautazama mchanga. Alicheka kwa upole, akaniambia mchanga ule wazee wao walikuta ni mchache. Sabaki huuleta kutoka bara, mawimbi huurudisha ufukweni, na kusi huupandisha juu. "Ni ardhi yenu hiyo, mwanangu," alisema. "Nyinyi mnaipoteza huko juu, sisi inatufukia."

Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha maelezo ya matumbawe makongwe ya Malindi, ambayo hukua tabaka juu ya tabaka kama mti na kuhifadhi ndani yake madini yanayoletwa na udongo wa mto. Rekodi hiyo ya miaka 300 ilionyesha kwamba udongo ulioshuka Sabaki uliongezeka sana kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ukoloni ulipobadilisha namna ardhi ya bara ilivyokaliwa na kulimwa. Nilipoyasoma nilimkumbuka yule mzee. Alikuwa amesema kweli bila kupasua tumbawe.

Matuta ya upepo nayo yana wachunguzi wake. Ralph Bagnold, mhandisi wa jeshi la Uingereza, alizunguka jangwa la Libya kwa gari, kisha akarudi kwao akajenga handaki la upepo ili aone punje zinavyoruka. Kitabu chake cha mwaka 1941 kinasomwa hadi leo. Alitufundisha kwamba mchanga mkavu ukirundikwa zaidi ya nyuzi 34 hivi huporomoka wenyewe, iwe Sahara au Mambrui. Nami nikiwa mwalimu nilibahatika kufika karibu na bonde la Olduvai, Tanzania, ambako tuta jeusi la majivu ya volkano, lenye umbo la mwezi mwandamo, husafiri peke yake katika uwanda wa nyasi kiasi cha mita 17 kwa mwaka. Nyuma yake wameacha nguzo zenye miaka, kuonyesha lilipokuwa. Nilisimama kwenye nguzo moja nikalitazama tuta lilivyo mbali, nikawaza: sisi mto wetu hatukuuwekea nguzo hata moja.

Kwa maana wakati huo malori ya mchanga yalikuwa yameshaanza. Nairobi ilikuwa inajengwa, na saruji haisimami bila mchanga. Vijana wetu walipakia kwa koleo tangu alfajiri, na siwalaumu. Ada za shule zililipwa kwa koleo zile. Lakini nilikuwa mwalimu, nikapiga hesabu. Lori la tani 7 hubeba mchanga wa kama mita 4 za ujazo. Katika mchanga wetu mnene, karibu thuluthi ya ujazo ni nafasi kati ya punje, na humo ndimo maji yanamokaa. Kila lori liliondoka na makao ya lita 1,200 hivi, yaani mitungi 60 ya lita 20. Na si ya mara moja, bali ya kila msimu ambao mto ungekuja kuyajaza. Nilihesabu malori mangapi yalipita kwa wiki, kisha nikaacha kuhesabu, kwa kuwa usiku yalipita nikiwa nimelala.

Mwaka 2009, mwaka mwingine wa ukame, kijana mmoja wa kupakia, niliyemfundisha darasa la tano, alikuja nyumbani na kitu kilichofungwa katika gunia. "Mwalimu," alisema, "uliwahi kutuambia habari za mnyororo uliopotea." Alikuwa ameufukua katikati ya mto, mwamba ukiwa tayari umeanza kuonekana. Jiwe lilikuwa bado limefungwa chini. Kutu ilikuwa imezigandisha pete hata mnyororo ukawa kama fimbo iliyopinda, na kiwiko chake kilikuwa palepale mto ulipokiacha. Kijana alisema sehemu ya chini aliikuta imesimama wima.

Niliupima mbele yake. Kutoka pete ya juu hadi kwenye kiwiko ilikuwa kasoro kidogo ya mita moja. Katika miaka 25, pamoja na El Niño ya mwaka 1997 iliyobomoa madaraja na kuchukua mashamba, mto haukufukua mahali pale zaidi ya hapo. Koleo zilikuwa zimepita kiwiko, zikapita jiwe, zikafika mwamba. Kijana alinielewa kabla sijamaliza kusema. Alikaa kwenye kiti cha baba yangu, mikono imelegea magotini, na hakuchukua chai.

Kithima hakikupatikana tena pale. Mama, ambaye alikuwa ameutegemea mto ule maisha yake yote, alinunua maji ya mkokoteni hadi alipofariki.

Hatukubaki kulia. Upande wa Kola, kikundi cha Utooni kilichoongozwa na Joshua Mukusya kilianza mwaka 1978 kujenga mabwawa ya mchanga, na ng'ambo ya Athi, Kitui, yalijengwa mamia. Majirani zetu wa Makueni walitunga sheria ya mchanga ya kaunti yao mwaka 2015. Sisi tulikuwa na mwethya, ule ujima wetu wa kusaidiana kazi, na wanawake ndio waliotangulia. Tulibeba mawe ya bwawa letu msimu mzima. Ukuta ulikaa juu ya mwamba uleule uliokuwa umevuliwa nguo na koleo. Hatukuupandisha wote mara moja. Ukuta mfupi huacha tope laini lipite juu na kuzuia mchanga mnene tu. Mchanga ukijaa, unaongeza kimo. Vilimani tulichimba makinga maji ya fanya juu, ili udongo wa shamba ubaki shambani na usiende kumfukia mjukuu wa yule mvuvi.

Mto ulifanya kazi iliyobaki. Msimu baada ya msimu matuta yaliteremka kwa hatua zao fupi, yakagota ukutani, yakatulia. Sasa mchanga umefika juu. Jua hukausha futi mbili za mwanzo, na chini yake maji hukaa salama hadi mvua nyingine. Watu wa Lamu walilijua hili kabla yetu. Maji ya mji wao hutoka chini ya matuta ya Shela.

Oktoba iliyopita, kabla ya mvua, nilimchukua mjukuu wangu hadi juu ya bwawa. Ana miaka 10 na ana jina langu. Baba yake humwita Mwaitu. Tulichimba kwa jembe, tukafunga jiwe, tukausimamisha mnyororo mpya na kuufukia. Ule wa zamani umetundikwa nyumbani, kando ya tezo la baba. Mtoto alitaka tuweke alama kwa mti. Nilimwambia hapana, mti nilishauamini mara moja. Tukapima kwa hatua zake, naye akaandika katika daftari lake: hatua 31 kutoka ukutani, hatua 18 kutoka mwamba mweusi wa ukingo wa kulia.